Namna ya Kuipima Filamu ya Mapigano na ya Mapenzi

Anayetaka kutoa maoni yenye uzito kuhusu filamu ya mapigano aichunguze kamera kabla ya kuwatazama wapiganaji. Chagua pambano moja, zima sauti, kisha uangalie kila picha inadumu kwa muda gani kabla ya kukatwa, na kama miili ya wahusika inaonekana yote, kuanzia kichwani hadi miguuni. Picha zikikatwa kila ngumi inaporushwa, mara nyingi mhariri anaficha udhaifu wa mwigizaji. Linganisha na John Wick ya mwaka 2014, ambayo mwongozaji wake, Chad Stahelski, aliwahi kuigiza badala ya nyota wake, Keanu Reeves, katika matukio ya hatari ya filamu ya The Matrix (1999): kwa kuwa aliifanya kazi hiyo mwenyewe, huiweka kamera mbali kidogo ili tuone nani amempiga nani. Magari yanayolipuka, kwa maoni yangu, ni mapambo tu.

Filamu ya mapenzi ipime kwa kizuizi chake. Ikiwa kinachowatenganisha wapendanao kingemalizwa kwa simu moja, hadithi ni dhaifu hata kama nyimbo zake ni tamu. Katika filamu ya Kihindi ya Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, Raj anakataa kutoroka na mpenzi wake, Simran, bila ridhaa ya baba yake binti huyo, na kwa hiyo kila mzaha wa Raj nyumbani kwa kina Simran una hatari ndani yake. Wahusika wanapozungumza katika hali ya namna hiyo, tazama zaidi uso wa anayesikiliza.