Slaidi za kanisani zinazosomeka hadi benchi la mwisho

Slaidi nyingi za ibada hutengenezwa Jumamosi usiku, mtengenezaji akiwa amekaa nusu mita kutoka kwenye laptopu. Kwa umbali huo hakuna kisichosomeka. Kesho yake asubuhi, kanisani Makorora au Chumbageni, madirisha yamefunguliwa yote kwa sababu ya joto la Tanga, milango ya pembeni nayo iko wazi, na mama aliyekaa benchi la mwisho anaona ukuta wa kijivu wenye michirizi. Kwa hiyo kabla ya kufungua kompyuta, chukua futikamba uende kanisani.

Pima vitu viwili: kimo cha picha inayotua ukutani, na umbali kutoka ukuta huo hadi benchi la nyuma kabisa. Tuseme picha ina kimo cha sentimita 120 na benchi la mwisho liko mita 18. Kanuni inayofaa ni hii: kila mita 3 za umbali zinadai sentimita 1 ya kimo cha herufi ndogo, zile kama a, e na o. Mita 18 zinadai sentimita 6. Sasa, slaidi pana ya PowerPoint, ile ya 16:9, ina kimo cha pointi 540, pointi zilezile zinazopima ukubwa wa herufi. Ukiitandaza kwenye sentimita 120, kila pointi inakuwa kama milimita 2.2. Maandishi ya pointi 54 yanachukua sentimita 12, na herufi ndogo huwa karibu nusu ya hapo. Basi 54 ndiyo ya chini kabisa kwa kanisa hilo. Ile 28 ambayo programu hukuwekea yenyewe inaishia mita 9, yaani katikati ya kanisa.

Asiyetaka hesabu afanye jaribio la nyumbani. Mita 18 ni mara 15 ya kimo cha picha. Kioo cha laptopu ya inchi 15.6 kina kimo cha kama sentimita 19, na mara 15 ya hiyo ni karibu mita 3. Fungua slaidi ijae kioo, rudi nyuma mita 3, kisha mwite mtu mzima wa miaka sitini aisome kwa sauti. Akikunja uso au akipiga hatua moja mbele, herufi ni ndogo. Usijaribu kwa macho ya kijana wa kwaya. Yeye atasoma hata kisichosomeka, maana wimbo anaujua kwa moyo.

Kwa pointi 54 mstari mmoja unabeba herufi kama 30 pamoja na nafasi, na slaidi inabeba mistari minne, mitano kwa shida. Maneno yetu ni marefu, kitenzi kimoja kinaweza kula nusu ya mstari, hivyo mahali pa kukata ni uamuzi wako. Ukiiachia programu, itakata pale nafasi inapoishia, na waumini watasoma "ili kila mtu" kisha watulie, kana kwamba sentensi imekwisha. Kata pale mtu anapovuta pumzi. Yohana 3:16 kwa tafsiri ya Union inakaa vizuri kwenye slaidi mbili:

Kwa maana jinsi hii Mungu
aliupenda ulimwengu,
hata akamtoa Mwanawe pekee,

ili kila mtu amwaminiye
asipotee,
bali awe na uzima wa milele.

Mstari mfupi wa "asipotee" usikusumbue. Nafasi tupu haimuumizi msomaji, na kusanyiko zima litatua pamoja kwenye neno hilo. Rejea ya andiko iwe kwenye kila slaidi ya andiko hilo, kwa herufi ndogo kidogo, pamoja na jina la tafsiri. Waumini wakiwa na Union mkononi na ukutani iko Habari Njema, usomaji wa pamoja utavurugika kwenye mstari wa kwanza tu. Chagua tafsiri moja mliyoizoea mbaki nayo.

Nyimbo ndizo zenye kazi kubwa kuliko zote. Watu huimba wamesimama, na aliyesimama anaziba kile ambacho aliyekaa hazibi. Ukingo wa chini wa picha ukiwa mita moja na nusu kutoka sakafuni, robo ya chini ya slaidi imepotea kwa wote walio nyuma. Maneno ya wimbo yakae theluthi mbili za juu, chini uache wazi. Makanisa mengi huweka jina la usharika na nembo juu, kisha beti zinabanwa chini, kinyume kabisa na inavyotakiwa. Jina la usharika kila aliyemo ndani analijua.

Kila ubeti ufuatwe na slaidi yake ya kiitikio, hata kama ni kilekile mara nne. Nakili tu. Anayebonyeza asilazimike kurudi nyuma kutafuta kiitikio huku ukuta ukipepesa slaidi tano mbele ya watu. Orodha ya namba za slaidi iandikwe kwenye karatasi iwe kando yake: wimbo wa kuingia unaanzia 4, wa sadaka 31, wa kutoka 52. Katika PowerPoint, onyesho likiwa linaendelea, unaandika namba kisha unabonyeza Enter, unaruka moja kwa moja. Kiongozi wa nyimbo akiamua ghafla kurudia ubeti wa pili, na lazima ataamua, unaandika namba unakwenda.

Wakati wa kubadilisha nao una ufundi wake. Bonyeza kusanyiko linapoanza neno la mwisho la slaidi. Ukingoja wamalize, mstari unaofuata utaimbwa na kwaya peke yake na wengine watadakia katikati. Kwa sababu hiyo anayebonyeza akae mahali anapomwona kiongozi uso kwa uso, asifichwe nyuma ya spika.

Rangi hutegemea mwanga. Projekta haina uwezo wa kurusha weusi. Sehemu nyeusi ya slaidi ni pale tu isiporusha kitu, na mahali hapo panabaki na rangi ya ukuta ulivyo. Mchana, madirisha yakiwa wazi, weusi huo unageuka kijivu, na herufi nyeupe au za njano juu yake zinafifia. Kwa ibada ya asubuhi tumia mandhari nyeupe au ya krimu na herufi nyeusi nene zisizo na mapambo, kama Arial au Calibri. Kwa mkesha geuza: mandhari ya bluu iliyokolea, herufi nyeupe, maana ukuta mweupe gizani unaumiza macho. Weka mafaili mawili ya nyimbo zilezile, moja la mchana na moja la usiku. Zile templeti zenye mishumaa, njiwa na miale ya jua nyuma ya maneno ziache. Herufi inayopita juu ya mwali haisomeki, na mwali hauongezi baraka.

Picha itumike pale inapobeba ujumbe, iwe peke yake, bila maneno juu yake. Ukihubiriwa wito wa wavuvi kandokando ya bahari ya Galilaya, piga mwenyewe picha ya ngalawa na nyavu hapa hapa pwani. Itawaingia watu kuliko ziwa la Ulaya lililookotwa mtandaoni likiwa na alama ya muuzaji katikati. Ukionyesha sura za watu, hasa watoto na wagonjwa mliowatembelea, omba ruhusa kwanza. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha hupunguzwa ubora, na ikikuzwa ukutani inatoka vigae vigae. Mwambie mpigaji aitume kama dokumenti.

Mahubiri hayahitaji slaidi nyingi. Kichwa, andiko, na kila hoja kuu kwa maneno matano au sita, inatosha. Hoja zitokee moja moja, maana watu wakiona zote tatu wataanza kuhesabu zilizobaki. Mhubiri akianza kisa au maombi, bonyeza B, ukuta unakuwa mtupu na macho yanamrudia yeye. Bonyeza tena, slaidi inarudi. Herufi zinazoruka na kuzunguka zifute zote.

Matangazo: jambo moja kwa slaidi, siku, saa, mahali. Lipa Namba ya sadaka ikaguliwe na mhazini tarakimu kwa tarakimu, itenganishwe tatu tatu, ikae ukutani muda wote wa sadaka, kwa sababu mtu anaitazama, anainamia simu, anasahau, anatazama tena. Majina ya watoaji na kiasi cha kila mmoja hapana. Hata kama ndiyo mazoea, slaidi inawaumbua wasiokuwa nacho.

Kwenye harusi na misiba hapa kwetu, nusu ya waliokuja wanaweza kuwa ndugu na majirani Waislamu, na wapo Wakristo wa madhehebu mengine wasiojua liturujia yenu. Andika "Wote" kwa herufi nene mbele ya kila itikio, na "Tusimame" au "Tuketi" panapohusika. Mgeni hatahangaika kuangalia jirani anafanya nini.

Halafu mitambo. Projekta nyingi za kawaida hutaka umbali wa kama mara moja na nusu ya upana wa picha: picha ya upana wa mita 2.1, projekta mita 3.2 kutoka ukutani. Iweke sawa, isiinamishwe sana, maana kunyoosha picha kwa kitufe cha kurekebisha pembe kunapunguza ukali wa herufi. Shuka likitumika kama skrini, livutwe na kufungwa pembe zote nne, na feni iliyo karibu nalo izimwe. Tembea na adapta ya kutoka HDMI, tundu la picha la laptopu, kwenda VGA, tundu la projekta za zamani, na ukumbuke waya wa VGA haupitishi sauti. Video itahitaji waya mwingine kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye miksa. Bonyeza alama ya Windows pamoja na P, chagua Duplicate, ili ukutani kuonekane kilekile kilicho kwenye kompyuta. Funga WhatsApp ya kwenye kompyuta, kwa sababu ujumbe wa mtu utatokea ukutani katikati ya toba. Hifadhi faili pia kama PDF kwenye flashi, maana kompyuta ya kuazima ikikosa fonti yako itaweka nyingine na mistari yote itahama.

Baada ya ibada zima projekta kwa kitufe chake, uache feni yake imalize kupooza ndipo uchomoe waya. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, hivyo ihifadhi kwenye mfuko wake pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, usije ukakuta kuvu kwenye lenzi. Na umeme ukikatika katikati ya ubeti wa pili, kiongozi wa nyimbo awe na karatasi yenye beti zote, ataje mstari, watu waitikie.