Kabla Hujaunga Ampli ya Marekani kwa Stima Yetu

Kila msimu wa harusi napigiwa simu ile ile: mjomba ametuma ampli kutoka Marekani, fundi, tuiunge vipi? Ngoja kwanza. Kule soketi ni volti 120, hezi 60 (stima hupiga mawimbi 60 kwa sekunde). Hapa Mombasa, kama Kenya nzima, ni volti 240, hezi 50.

Chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Kisha pima kwa mita zile kapasita kubwa, vikopo vinavyobaki na stima hata baada ya kuchomoa, usiguse mpaka zishuke karibu na sifuri.

Kama nyuma kuna swichi ya 115/230, una bahati, igeuze kabla ya kuchomeka. Lakini hewa yetu ina chumvi, na swichi iliyokaa miaka bila kuguswa huota kutu ndani. Igeuze huku na huku mara kadhaa, halafu upime kama inashika.

Hakuna swichi? Fungua, uhesabu nyaya za transfoma upande wa stima kuingia. Zikiwa mbili tu, koili (waya uliozungushwa kwenye chuma) ni moja: funga kifuniko, kanunue transfoma ya kushusha iliyozidi wati za mashine yako. Vyombo vingi vya Japani viko hivyo, tena vyao ni volti 100. Zikiwa nne, huenda ni koili mbili za 120. Kwa 120 huungwa sambamba, mwanzo na mwanzo, mwisho na mwisho, kwa 240 huungwa mfululizo, moja ikiifuata nyingine. Jozi utazijua kwa mita, maana waya za koili moja husomana. Rangi usiziamini, kila kiwanda kina zake.

Sasa sikiliza, hapa ndipo nilipoungulia. Maalim mmoja aliniletea ampli ya madrasa siku mbili kabla ya Maulidi. Nikapata jozi vizuri, nikashika ncha moja ya huku na moja ya kule, nikazisolda kwa kubahatisha. Fyuzi ikakatika. Nikatia nyingine, ikakatika. Ujana una kiburi: nikapitisha uzi wa waya mahali pa fyuzi. Transfoma ikanguruma kama feri ya Likoni inapotia nanga, kisha ikaja harufu. Maalim, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na tasbihi yake, akainua uso.

"Mwanangu, huo ubani umeuwasha wewe?"

"Naomba radhi, Maalim."

Kila koili ina mwanzo na mwisho. Kwa 240, mwisho wa ya kwanza huunganishwa na mwanzo wa ya pili. Mimi nilikutanisha mwisho na mwisho. Usumaku wa koili moja ukaua wa mwenzake, kukabaki shaba tupu ya omu chache isiyoweza kuzuia stima. Nikalipa kusuka koili upya, na Maulidi yakasomwa kwa spika za kuazima.

Siku hizi sibahatishi. Natia koili moja volti 12 za AC (stima ya kugeukageuka, kama ya ukutani) kutoka transfoma ndogo, naunga ncha moja yake na ncha moja ya koili ya pili, napima ncha mbili zilizobaki. Mita ikisoma karibu 24, kiungo ni sahihi kwa mfululizo, na stima itaingilia ncha hizo mbili. Ikisoma karibu sifuri, geuza koili ya pili.

Hata hapo usichomeke moja kwa moja. Weka balbu ya uzi ya wati 60 au 100 mfululizo na mashine (ya LED haifai, na za uzi zimeadimika, ukiipata ifiche). Ikiwaka ghafla ikafifia, salama. Ikibaki inawaka kama ya sebuleni, chomoa.

Fyuzi ya ndani ipunguze nusu: ya ampea 4 kwa 120 iwe 2 kwa 240. Kibandiko kikisema hezi 60 tu, kwenye 50 kiini cha chuma kinaweza kushiba usumaku na kupata moto. Iache ikiwaka saa moja bila muziki, ichomoe, kisha uguse transfoma. Kama mkono hauvumilii, usiitumie.

Waya wa ardhi usiukate ati kwa sababu ampli inavuma. Futa "120" kwenye kibandiko, andika "240" kwa maka nene, asije mwingine akaibadilisha. Vaa viatu. Usifanye kazi hii usiku peke yako, wala umetoka kuoga. Watoto watoke chumbani, na paka pia.