Jinsi ya kuchora ramani ya wizi mtaani kabla haujatokea

Kama uko Nakuru unajua hii kitu, mtu akiporwa simu Kaptembwo ama Bondeni watu wanasema "huko ndio kulivyo" halafu maneno yanaishia hapo, lakini ukikaa na laptop wikendi mbili hivi unaweza kuona mpaka ni kona gani na saa ngapi. Pesa haitakiwi, QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure na barabara unazitoa OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, bure pia.

Anza na matukio yenyewe. OB ya polisi (kitabu cha kuandikia ripoti) haitoshi maana wengi wetu tukiporwa haturipoti, tunatafuta simu ingine tunanyamaza. Kwa hivyo uliza mama mboga, watu wa boda, soja wa usiku, wazee wa Nyumba Kumi. Andika mahali, siku na saa, basi. Majina wachana nayo, ya aliyeibiwa na hata ya anayeshukiwa, kuna sheria ya kulinda data ya 2019, na isitoshe unatafuta mahali pabaya si mtu mbaya.

Gawanya mtaa viboksi vya mita 50 kwa 50, kila boksi ulipe alama 0 mpaka 10 kwa kila kinacholeta hatari: giza, baa na wainsi (maduka ya pombe), vichochoro vya kutorokea. Giza usikisie ukiwa kwa nyumba, tembea saa mbili usiku (na mwenzako tafadhali), maana mulika mwizi, ile taa ndefu ya mtaa, inaweza kuwa imesimama hapo wima na taa ilikufa kitambo.

Sasa uzito, yaani kipi kinaleta hatari zaidi ya kingine, na hapa ndio wengi huharibu, wanajumlisha tu kama vyote viko sawa. Tumia AHP, njia ya kupima uzito ya Thomas Saaty, unalinganisha viwili viwili kwa kipimo cha 1 (viko sawa) mpaka 9 (kimoja kimezidi kabisa). Mara ya kwanza nilijijazia mwenyewe nikaipa baa uzito mkubwa ajabu, kumbe ni hasira tu, nilikuwa nimeporwa nje ya baa. Nikauliza watu wanaotembea usiku, wakasema giza linazidi baa mara 3, linazidi vichochoro mara 5, na baa inazidi vichochoro mara 2. Ukipiga hesabu kwa Excel unapata giza 0.65, baa 0.23, vichochoro 0.12. Zidisha kila alama kwa uzito wake ujumlishe: boksi lenye giza 8, baa 6 na vichochoro 3 linapata 5.2 + 1.38 + 0.36, yaani 6.94, paka nyekundu. Angalia pia hesabu ya kujipinga (consistency ratio), inayoonyesha kama majibu yanagongana, ikizidi 0.1 watu wako wamejichanganya, rudi uwaulize tena.

Usiiamini bado. Matukio ya miezi miwili ya mwisho yafiche kabisa usiyatumie, halafu ndio uyaweke juu ya ramani. Kama viboksi vyekundu ni sehemu moja ya kumi ya mtaa na vimeshika matukio manne kwa kila kumi, uko sawa, kama vimeshika moja tu ulikuwa unapaka rangi. Na jihadhari, doria ikienda kwa wekundu tu kesi zitaandikwa huko tu, ramani ijayo inazidi kuwa nyekundu palepale.

Halafu chora mbili, ya saa mbili usiku na ya saa kumi na moja alfajiri. Zangu hazikufanana hata kidogo, usiku wekundu ulikuwa umezunguka baa, alfajiri ukahamia kwa kijia cha kwenda steji, mahali sikuwa nimefikiria kabisa na ndipo napitaga kila siku.