Kupima Bunduki Mpya ya .375 Kabla ya Kuingia Nayo Kwenye Kitalu cha Uwindaji

Kijana anayejifunza kazi ya mwindaji bingwa aliniletea .375 H&H mpya, bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa kama nyati, akisema mtutu haufai kwa sababu risasi zinatawanyika. Mtutu ulikuwa mzima. Huu ndio utaratibu tulioufuata. Uwe na leseni, vizibo vya masikio, na tuta la udongo nyuma ya shabaha.

1. Safisha mtutu. Futa mafuta ya kiwandani hadi kitambaa kitoke kikavu.

2. Hakikisha inalisha na kutema. Fanya hivi kabla hujagusa shabaha. Jaza magazini risasi bandia, kisha vuta bolti kwa nguvu ileile utakayoitumia nyati akikujia, usiibembeleze. Halafu rudia uwanjani kwa risasi halisi. Mimi nashikilia mtambo (sehemu ya chuma yenye bolti) wa aina ya Mauser 98: ukucha wake mpana hulikamata ganda mara tu linapotoka magazini na haliachi hadi litemwe. Ikikwama hata mara moja, ipeleke kwa fundi. Usahihi wa shabaha haufidii kasoro hiyo.

3. Kagua skrubu zote. Hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi. Teke la .375 hulegeza darubini iliyofungwa ovyo, na dalili yake humdanganya mtu: risasi mbili zinakaa pamoja, ya tatu inahama, ya nne inarudi. Ukianza kuzungusha vifundo vya darubini wakati huo, unafukuza kivuli. Fungua pete zinazoshika darubini, kisha ondoa na vitako vyake vilivyo juu ya mtambo. Skrubu zake zilikuwa zimelowa mafuta. Tulizifuta kwa spiriti, tukatia tone la gundi ya buluu ya nati. Usitumie ile nyekundu, kwani kuzifungua tena huhitaji moto. Kaza kwa bisibisi yenye kipimo, kwa kiwango alichoandika mtengenezaji. Kukaza kwa kukisia mkono huponda bomba la darubini. Acha gundi ikauke usiku mzima.

Kagua pia skrubu zinazoshika mtambo kwenye ubao wa bunduki. Kisha pitisha noti ya elfu kumi kati ya mtutu na ubao huo. Ikikwama, ubao unausukuma mtutu. Lakini usikimbilie msasa: bunduki nyingine zimeundwa makusudi mtutu uguse ubao wa mbele, kwa hiyo soma kwanza kijitabu chake.

Jicho likae mbali na darubini, sentimita 9 au zaidi, la sivyo itakupasua nyusi.

4. Lenga. Anza mita 25, kisha mita 100. Kwa darubini ya robo dakika (dakika ya pembe, si ya saa), mlio mmoja wa kifundo husogeza tundu la risasi takriban milimita 7 kwenye mita 100. Kwenye mita 25 utahitaji milio mara nne ili kusogeza tundu kwa kiasi kilekile. Piga risasi tatu tatu, ukiacha mtutu upoe kivulini. Kwa nyati, matundu matatu ndani ya sentimita 5 yananitosha kabisa.

5. Simama. Achana na meza, egemeza bunduki kwenye fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu, upige risasi ya kwanza mtutu ukiwa baridi. Tundu hilo moja ndilo ninaloliamini, maana porini hakuna risasi za kupasha moto. Andika namba ya toleo iliyo kwenye boksi la risasi. Ukinunua toleo jingine, rudia hatua ya pili na ya nne.