Jinsi ya kusoma historia ya kura ya jimbo lililofutwa, tukitumia Barambah ya Queensland

Wadau, jimbo likishafutwa watu wengi wanaona historia yake ya kura ni kazi rahisi, imeshaisha hiyo, unachukua orodha ya wabunge unaangalia vyama unamaliza. Mimi nakataa. Orodha ya wabunge inakuambia nani alikaa kwenye kiti, haikuambii wananchi walipigaje kura, na hizo ni habari mbili. Nitawaonyesha kwa jimbo ambalo nimelisoma kwa mapenzi sana, Barambah, lilikuwa Queensland huko Australia, likaanza na uchaguzi wa 1950 na kufutwa kwenye uchaguzi wa 2001.

Kabla hatujaenda mbali tuelewane kwenye neno jimbo. Australia ni shirikisho kwa hiyo Queensland yenyewe nayo huitwa jimbo, sasa hapa nikisema jimbo namaanisha eneo la mbunge mmoja, Wakenya wanaita eneobunge, na Queensland nitaiita Queensland tu. Na bunge tunaloongelea ni la Queensland, lipo Brisbane, sio lile la taifa la Canberra, ukichanganya makaratasi ya chaguzi hizi mbili hesabu zako zote zinaharibika mapema.

Haya, cha kwanza tafuta jimbo lilizaliwa kutoka wapi na lilipokufa wapiga kura wake walikwenda wapi, usianze na namba. Eneo la Kingaroy, mji wa wakulima wa karanga, lilikuwa ndani ya jimbo la Nanango, na mwaka 1947 likamchagua kijana mmoja mkulima anaitwa Joh Bjelke-Petersen. Mwaka 1950 mipaka ikachorwa upya, Nanango ikafutwa, Barambah ikaingia, Joh akahamia humo. Mwaka 2001 Barambah nayo ikafutwa na jina la Nanango likarudi. Yaani mtu wa Kingaroy bila kuhama nyumba amepiga kura Nanango, akapiga Barambah, akarudi Nanango. Ukifuata jina peke yake utapata kipande cha katikati tu cha hadithi, na kama unataka magazeti ya mwanzoni yale ya 1947 na 1950, maktaba ya taifa ya Australia ina hazina inaitwa Trove, magazeti ya zamani yameskaniwa unasoma bure, mengi yanaishia 1954.

Cha pili, na hapa ndo pa kukaa, tengeneza jedwali la chaguzi sio la wabunge. Mstari mmoja kwa kila uchaguzi. Barambah ina chaguzi kuu 18 kuanzia 1950 mpaka 1998 ukiongeza uchaguzi mdogo mmoja wa 1988, jumla mistari 19. Mistari 14 ya mwanzo ni mtu mmoja, Joh, ambaye mwaka 1968 akawa kiongozi wa serikali ya Queensland akakaa hapo mpaka Desemba 1987. Kuna sehemu utaona chama chake ni Country Party halafu kuanzia 1974 National Party, hapo hakuna aliyehama, chama kilibadilisha jina, kwa hiyo kama kila chama unakipa rangi yake kwenye jedwali, hapo usipake rangi mbili.

Sasa angalia kinachotokea akiondoka. Desemba 1987, uchunguzi wa Fitzgerald juu ya rushwa ukiwa umepamba moto, chama chake mwenyewe kikamtosa akaacha uongozi na ubunge. Uchaguzi mdogo ukafanyika Aprili 1988, National wakamsimamisha Warren Truss, huyuhuyu ambaye miaka mingi baadaye akawa naibu waziri mkuu wa Australia, na akabwagwa! Akashinda Trevor Perrett wa kikundi kidogo kinaitwa Citizens Electoral Council. Lakini kabla 1988 haijaisha Perrett akahamia National, akawa mbunge wao mpaka 1998. Mwaka huo Dorothy Pratt wa One Nation akamwangusha, ule uchaguzi ambao One Nation walivuna viti 11 kati ya 89, halafu 1999 Pratt akatoka One Nation akabaki mbunge asiye na chama.

Hesabu kwenye orodha ya wabunge: National, Citizens Electoral Council, National, One Nation, bila chama. Rangi zimebadilika mara nne ndani ya miaka 11, mtu asiyejua anaandika kwamba wananchi wa Barambah hawatabiriki. Sio kweli. Kwenye sanduku la kura jimbo lile lilibadilika mara tatu tu, 1988 walipowakataa National, 1989 walipomrudisha Perrett akiwa mgombea wa National (na hapo mtu ni yuleyule waliyemchagua mwaka uliopita), na 1998. Perrett kujiunga National na Pratt kutoka One Nation ni maamuzi ya wabunge, hakuna mwananchi aliyeulizwa. Kwa hiyo kwenye jedwali lako weka safu mbili, moja chama alichoshindia na nyingine chama alichomalizia kipindi, basi ukweli unajitokeza wenyewe. Hii kitu itakusaidia hata ukija kusoma majimbo ya kwetu, kuhama chama tunakujua vizuri sana.

Cha tatu jua kura zilihesabiwaje mwaka huo. Chaguzi za 1950 mpaka 1960 Queensland ilikuwa kama kwetu, mwenye nyingi anachukua. Kuanzia uchaguzi wa 1963 mpiga kura anaandika namba, 1 kwa anayempenda kuliko wote, 2 anayefuata, mpaka wagombea wote waishe, na mgombea wa mwisho akitolewa kura zake zinahamia kwa namba inayofuata mpaka mmoja avuke nusu. Halafu kuanzia 1992 wakaruhusu uandike 1 tu uache wengine ukitaka. Ndo maana asilimia 45 ya 1957 na asilimia 45 ya 1977 sio kitu kimoja, ya kwanza inaweza kuwa ushindi kamili na ya pili ni mwanzo tu wa hesabu. Siku zote chukua namba mbili, kura za kwanza (waliomwandikia 1) na matokeo ya wawili wa mwisho, na uandike hao wawili ni wa vyama gani. Ukikuta mwaka fulani hauna kura kabisa angalia kama mgombea alipita bila kupingwa, acha wazi, usiweke 100.

Kupima kuhama kwa kura ni kutoa tu. Mfano wa kufundishia, chama kilikuwa na asilimia 60 ya kura sasa 54, zimehama pointi 6, sio asilimia 6. Ila fanya hivyo kama mipaka haikuguswa katikati, ikiguswa linganisha vituo vya kura vilevile, cha Kingaroy kwa cha Kingaroy.

Kuna jambo lingine naliona zito kuliko hesabu zote hizi. Waaborijini wa Queensland walipata haki ya kupiga kura za bunge lile mwaka 1965, wa mwisho Australia nzima. Na Barambah ndo jina la zamani la Cherbourg, makazi walikorundikwa Waaborijini kutoka sehemu mbalimbali kwa amri ya serikali. Kwa hiyo ukiandika asilimia za 1950 mpaka 1963, andika pembeni kabisa kwamba hao hawakuhesabiwa, usiandike "wananchi wa Barambah walimchagua" kana kwamba ni wote.

Na uzito wa kura nao haukuwa sawa. Sheria ya 1949, iliyoletwa na chama cha Labor, iligawa Queensland kanda nne na viti vikapanda kutoka 62 kwenda 75, kura za maeneo ya mbali zikawa na uzito kuliko za mjini, baadaye serikali ya Joh ikaurithi mtindo huo ikaunoa kwa faida yake. Mwaka 1986 National walipata kura za kwanza chini ya asilimia 40 wakachukua viti 49 kati ya 89, huku Labor wakiwa na zaidi ya asilimia 41 wakapata 30. Jedwali la jimbo moja halikuonyeshi hilo, kwa hiyo weka matokeo ya Queensland nzima pembeni ya kila mwaka.

Mwisho usikate jedwali 2001. Endelea na Nanango: Pratt alishinda pale bila chama akakaa mpaka 2012, hakugombea tena, na kiti kikaenda kwa Deb Frecklington wa LNP, chama kilichozaliwa 2008 National na Liberal wa Queensland walipoungana. Mstari huo wa 2012 upake rangi ya pekee, uandike pembeni "LNP", usiurudishie rangi ya zamani ya National.