Kuchoma vyetezo kwa tanuri ya kuni hapa Mombasa bila kupasuka

Watu wakiniuliza habari ya kuchoma udongo huanza na moto, digrii ngapi, kuni gani, na mimi huwarudisha nyuma manake hapa pwani kinachovunja vyombo sana sana ni maji. Hewa yetu ina unyevu, chetezo chaonekana kikavu kwa juu na katikati bado kibichi, ukiwasha tanuri kwa pupa yale maji yageuka mvuke, mvuke wakosa pa kutokea, paa! vigae. Kwa hivyo nitakaa sana kwenye kukausha na yale masaa ya kwanza, kwengine tutapita mbio.

Nazungumzia vyetezo na vyungu vidogo vya udongo mwekundu, tanuri ndogo ya uani. Mwenye tanuri ya stima mambo ni yale yale, ila yeye ageuza swichi tu na kuomba stima isipotee.

Hatua ya 1: Tanuri
Jenga kwa matofali mekundu ya kuchoma, uyashike kwa udongo na mchanga, simiti weka kando. Chini mdomo wa kuni, katikati sakafu ya matundu, juu wazi. Na tafadhali usijengee yale mawe meupe ya matumbawe tunayojengea nyumba. Yakipata moto wa kama digrii 850 kwenda juu yaanza kugeuka chokaa, si ndivyo wazee walivyokuwa wakiichoma, sasa ukuta wako wenyewe ndio utakuwa chokaa.

Hatua ya 2: Udongo
Udongo mtupu hupasuka. Changanya mchanga au vigae vilivyopondwa, kama robo hivi. Mchanga uwe wa mto, wa ufuoni achana nao kabisa, una vipande vya makombe, navyo moto ukiwa mkali vyageuka chokaa kavu. Chombo chatoka kizuri, wauza, baada ya wiki ile chokaa yanyonya unyevu wa hewa, yafura, yarusha kipande na kuacha shimo lenye doa jeupe. Mteja aja kukwambia umemuuzia kitu kibovu na hana makosa.

Hatua ya 3: Kukausha
Kwanza kivulini, funika na karatasi ya nailoni ukiachia upenyo, manake mdomo wa chombo hukauka kabla ya kitako na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Kikishakuwa kigumu kigeuze, kitako juu. Halafu jua. Kisha kiweke shavuni: ukiskia baridi, bado kina maji, kirudishe. Msimu wa masika, Aprili na Mei, jua peke yake halitoshi, viweke karibu na jiko usiku kucha.

Hatua ya 4: Kupanga
Havijapakwa glezi, ile rangi ya kung'aa inayoyeyuka motoni na kugandisha vyombo, kwa hiyo kugusana na kupandana ruhusa. Vizito chini, vyepesi juu, acha njia za moto kupita. Juu funika na vigae vya zamani, uache tundu la moshi.

Hatua ya 5: Moto
Anza asubuhi, saa moja. Makumbi ya nazi machache tena mdomoni kwa nje, si ndani, moto wa kufuka tu. Masaa matatu hivi ndani kusizidi digrii 100 na kitu. Kila baada ya muda pitisha kipande cha kioo juu ya tundu, kikishika ukungu mvuke bado watoka, na we bado usiongeze. Watu huchoka hapa, wajaza kuni, na ndipo hasara inapoingia.

Kioo kikitoka kikavu sukuma moto ndani polepole, digrii 100 kwa saa yatosha. Kuna maji mengine yaliyoshikana na udongo wenyewe, hayo hutoka kati ya 350 na 600, na ikifika 573 chembe za mchanga hutanuka ghafla, kwa hivyo usirukeruke. Ukishapita hapo tia vifuu vya nazi na kuni za mvinje zilizopasuliwa nyembamba. Mikoko iacheni baharini jamani. Upepo wa kusi ukipiga mdomoni simamisha bati, la sivyo upande mmoja utaiva na mwengine ubaki.

Ukiwa na themokapo ya aina ya K, kile kipimo cha joto cha waya kinachoingizwa tanurini, vizuri, simamisha 900 mpaka 950. Huna, tazama rangi: wekundu wa giza ni kama 600, wekundu mkali 800, rangi ya chungwa ndio umefika. Ndiyo maana nataka umalizie magharibi, mchana wa jua rangi hudanganya.

Hatua ya 6: Kupoa
Ziba mdomo kwa matofali na udongo, ukalale. Usifungue mpaka kesho alasiri, mkono uweze kukaa juu ya vyombo, manake ile 573 yapitwa tena wakati wa kushuka.

Hatua ya 7: Kujaribu
Gonga kwa kucha. Kikilia kama kengele kimeiva, kikitoa mlio mfu kina ufa. Ukishuku makombe yaliingia, vitie majini siku ile ile, vizame kabisa, chokaa ilewe maji mapema kabla haijaanza kufura yenyewe. Halafu vikaushe tena juani siku mbili tatu kabla ya kutia makaa na udi, chetezo kilicholowa ukikitia makaa kitapasuka vile vile.