SOMO: Kokoto za reli ya treni ndogo za modeli (saizi za HO na N) kwa bei chee

Wakuu habari za saa hizi. Naona kila mara mtu anauliza kokoto za reli za modeli anunue wapi, akitajiwa bei ya kapakiti kamoja kutoka Uingereza au Marekani na usafiri juu yake anakata tamaa, reli inabaki tupu juu ya mbao. Kununua siyo lazima. Kinachofanya kokoto ionekane ya kweli ni saizi ya punje na kona zake, na vyote viwili vipo pale wanapofyatua tofali za block mtaani kwenu, kwenye lile vumbi la kokoto wanalochanganya na saruji. Ukiomba ndoo moja ndogo wengi wanakupa bure, wanakushangaa tu.

Kabla ya hatua, hesabu kidogo maana hapa ndo wengi wanaharibu. Kokoto za reli halisi nyingi zinacheza kwenye milimita 25 mpaka 60 hivi. HO ni 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, kwa hiyo jiwe la milimita 50 linakuwa kama 0.6 tu, na kwenye N ambayo ni 1:160 linakuwa 0.3. Sasa mtu anachukua mchanga wa kujengea anamwaga hivyo hivyo, treni inaonekana inapita katikati ya majabali. Wale mnaotengeneza TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) kwa kutumia reli za HO zenye upana wa 16.5 mm kati ya vyuma viwili, kumbukeni upana huo kwenye TAZARA halisi ni 1067 mm kwa hiyo kiukweli mpo kwenye 1:64, nyie mnaweza kwenda mpaka 0.8 na ikapendeza.

Hatua ya 1: chagua jiwe. Kwa Dar, kokoto za Kunduchi ni chokaa, nyeupe nyeupe, zile za Lugoba ni ngumu na za kijivu. Mimi nachukua za Lugoba kwa sababu kijivu kinafanana na reli, na mawe yenyewe yamepondwa na mashine kwa hiyo punje zina kona. Mchanga wa mtoni na wa ufukweni umesagika umekuwa wa duara, hata ukiupaka rangi jicho linakataa tu.

Hatua ya 2: chekecha. Anza na wavu wa dirisha kutoa makubwa, kilichopita pitisha kwenye chujio la chai la waya (nunua lako, la jikoni liache jikoni). Kilichopita kwenye chujio ndo mali yako ya HO. Kwa N tafuta chekeche laini zaidi la unga. Fanyia nje na vaa barakoa, hili silitanii, vumbi la mawe ni baya sana kwa mapafu.

Hatua ya 3: sumaku. Watu wanairuka hii afu wanalia injini imekufa. Mota ya injini ina sumaku ndani, na mawe mengi yana punje nyeusi zenye chuma, zikinaswa huko zinasaga mota taratibu. Chukua sumaku ya spika mbovu, ivalishe mfuko wa plastiki, pitisha juu ya kokoto ulizozitandaza kwenye sinia. Utaona mfuko unaota manyoya meusi. Sogea pembeni, toa sumaku kwenye mfuko, manyoya yanadondoka yenyewe. Rudia mpaka mfuko utoke safi.

Hatua ya 4: osha. Maji kwenye ndoo, koroga, mwaga maji ya tope, rudia mpaka yawe meupe, anika juani. Ukiacha lile vumbi laini kabisa, gundi ikikauka inaacha utando kama saruji na kokoto zako zinapotea.

Hatua ya 5: kutandaza. Kwanza paka ubavu wa reli rangi ya kutu, ukishamwaga kokoto hupati tena nafasi. Chini ya reli weka tuta, foam ya EVA ya madukani kwa vifaa vya shule inatosha na inapunguza kelele. Kunja karatasi iwe kama mfereji, mwaga kidogo kidogo katikati ya mataruma (vile vipande vilivyolala chini ya reli), kisha sambaza kwa brashi laini. Kokoto ziishie chini kidogo ya uso wa taruma, zisilale juu yake. Gongagonga reli kwa mpini wa brashi, punje zilizokaa juu ya mataruma zinaruka zenyewe. Kikombe cha chai kimoja kinakupeleka mita moja mpaka mbili za HO inategemea bega la tuta umelifanya pana kiasi gani.

Hatua ya 6: gundi, na hapa taratibu jamani. Gundi nyeupe ya seremala sehemu moja, maji sehemu tatu, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Lakini kabla ya gundi LAZIMA ulowanishe kwa maji yenye sabuni au spiriti, kwa chupa ya kupuliza yenye ukungu mwembamba, na upulizie kwa juu sana ili upepo usizihamishe. Usipolowanisha, tone la gundi likigusa kokoto kavu linajikunja kama shanga, linabeba punje linabingirika nazo na kuacha shimo. Ukilowanisha, tone likigusa tu linazama moja kwa moja, unaliona linavyokimbilia chini ya taruma. Tumia bomba la sindano bila sindano, tone kwa tone, mpaka uone weupe wa gundi umejaa katikati ya punje. Acha mpaka kesho. Usiguse!

Hatua ya 7: futa uso wa reli kwa kitambaa chenye spiriti, pitisha vacuum uliyoifunga soksi ya nailoni mdomoni ili punje zilizolegea uziokoe, kisha pitisha sumaku tena.

Rangi inategemea reli ipi. SGR, ile reli mpya ya umeme ya Dar kwenda Dodoma, kokoto zake bado safi, acha kijivu. Reli ya kati ya zamani ya mita moja, yenye mataruma ya chuma, pitishia maji ya rangi ya kahawia, na pale injini inaposimama stesheni dondoshea nyeusi kidogo, ile ni oili. Kwenye yadi changanya na udongo wenyewe, huko kokoto hazionekani hata kwenye reli ya kweli.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mwanza: Mkuu huku mawe ndo nyumbani kwake, naweza kuponda mwenyewe?

Jibu: Unaweza ila utachoka bure, itale ni ngumu. Nenda kwa wale mama wanaogonga kokoto barabarani, omba kufagia pale chini walipogongea. Shida ya itale ni vile vimeta, kwenye modeli vinang'aa kupita kiasi, vipake maji ya rangi yasiyong'aa.

Mdau wa Mombasa: Mchanga wa pwani nao je? Huku u tele na ni bure.

Jibu: Chumvi, kaka. Itakula reli na waya, utauosha mara nyingi na bado ni wa duara. Utumie kutengenezea ufukwe.

Dada yetu wa Minnesota: Huku hakuna wafyatua tofali, nifanyeje?

Jibu: Kwenye maduka ya ujenzi ulizia vumbi la mawe yaliyopondwa, uchekeche vile vile. Changarawe wanazouza za kulisha kuku ni kubwa kwa HO, zinafaa treni za saizi ya O, ambayo ni kubwa kuliko HO, na za bustanini. Ukinunua za dukani za Woodland Scenics, hizo ni maganda ya walnati yaliyosagwa, ni nyepesi, zinaelea ukimimina gundi kwa pupa, kwa hiyo lowanisha pole pole zaidi.

Mdau: Nikitaka kuhamisha reli baadaye?

Jibu: Maji ya moto na kijiko. Gundi nyeupe ya kawaida inalainika. Ndo maana nasema usinunue ile isiyopitisha maji, hiyo itaondoka na reli yako.

Mdau: Unga wa kahawa iliyokwisha chujwa? Au vumbi la mbao?

Jibu: Kahawa inaota ukungu. Vumbi la mbao linavimba. Achana navyo.

Mdau: Mimi tatizo langu ni kwenye pointi, pale reli inapogawanyika treni ibadili njia, nimegandisha mbili tayari.

Jibu: Pole. Pale kwenye ulimi unaotembea usimwage kabisa, paka tu rangi ya kokoto kwenye ubao, ukisimama mbali haionekani tofauti. Kandokando weka punje chache kwa mkono, sehemu zinazocheza paka mafuta mazito kidogo kabla ya gundi, na wakati inakauka kila baada ya muda upige pointi kushoto kulia. Hizo mbili zilizoganda ziloweshe maji ya moto na sabuni, subiri, kisha chokonoa na kijiti cha meno. Usitumie bisibisi, ulimi wenyewe ni mwembamba.